Sekunde tatu za Mexico: mita 1500 za mwaka 1968 zilivyoamuliwa ndani ya damu na misuli

Tarehe 20 Oktoba 1968, siku ambayo Wakenya nyumbani walikuwa wanaadhimisha Kenyatta Day, wanaume 12 walijipanga kwa fainali ya mita 1500 katika Uwanja wa Olimpiki wa Mexico City. Kipchoge Keino, polisi kutoka Nandi, alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Jim Ryun wa Marekani, mshikilizi wa rekodi ya dunia, aliingia wa pili kwa 3:37.8. Bodo Tümmler wa Ujerumani Magharibi alichukua shaba kwa 3:39.0. Katika mbio ambazo mara nyingi hutenganishwa na kifua, dhahabu na fedha zilipishana kwa karibu sekunde tatu. Pengo kama hilo halijaonekana tena katika fainali ya wanaume ya umbali huo kwenye Olimpiki.

Maelezo tuliyoyazoea ni mafupi: Mexico City iko mita 2240 juu ya usawa wa bahari, Keino alizaliwa na kukulia milimani, Ryun ni mtoto wa tambarare za Kansas, basi yameisha. Nimeyasikia vijiweni na redioni, na kila nikiyasikia yananikera, kwa sababu yanamnyang'anya Keino nusu ya alichokifanya. Mwinuko ulikuwa na kazi kubwa siku ile, sikatai. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ipi, na ilifanyika katika kiungo gani cha mwili? Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa kitamu. Ninachofanya hapa ni kusoma muda wa kila mzunguko wa mbio zile kwa msaada wa fiziolojia ambayo nyingi yake ilipimwa miaka mingi baadaye.

Hewa yenyewe

Kwanza tuondoe kosa moja. Hewa ya Mexico City haina asilimia ndogo ya oksijeni. Ni ile ile asilimia 21 kama ya Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo. Pwani, hewa hutukandamiza kwa milimita 760 za zebaki. Mexico City ni kama 580. Maana yake kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo, na nguvu ya kuisukuma oksijeni hiyo kutoka kwenye mapafu kuingia kwenye damu nayo imepungua.

Mtu aliyekaa kitini hatalihisi sana jambo hili. Himoglobini yake, ile protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni, bado itabeba karibu ya kutosha. Anayeumia ni anayekimbia kwa nguvu zote, na cha ajabu, bingwa huumia zaidi kuliko mtu wa kawaida. Moyo wa bingwa husukuma damu nyingi kwa kasi kubwa, hivyo kila chembe nyekundu hupita kwenye mapafu kwa muda mfupi mno, na mgandamizo ukiwa mdogo chembe hiyo huondoka kabla haijajaa. Kwa mkimbiaji wa daraja la juu ambaye hajauzoea mwinuko wa aina hiyo, uwezo wa juu kabisa wa kutumia oksijeni hushuka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15.

Matokeo ya michezo ile yanaonyesha bei hii wazi. Katika mita 10,000, Naftali Temu wa Kenya alishinda kwa 29:27.4, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 27:39.4. Mwenye rekodi hiyo, Ron Clarke wa Australia, aliingia wa sita, akaanguka baada ya mstari, ikabidi apewe oksijeni pale pale uwanjani. Upande wa pili, Jim Hines alikimbia mita 100 kwa 9.95, Lee Evans mita 400 kwa 43.86, na Bob Beamon akaruka mita 8.90. Hewa nyepesi haimzuii sana anayeipasua, na mbio za sekunde 10 hazihitaji oksijeni ya papo hapo.

Mita 1500 zimekaa katikati, na ndiyo maana zinafundisha kuliko zote. Kwa mkimbiaji wa kiwango hiki, zaidi ya robo tatu ya nishati ya mbio hizi hutokana na oksijeni. Inayobaki hutokana na kuvunja glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, bila oksijeni, njia ambayo hutoa nishati haraka lakini huacha lakteti, mabaki ya sukari iliyovunjwa hivyo, na asidi. Mwinuko unapopunguza sehemu ya kwanza, mwili hulazimika kuchota zaidi kwenye sehemu ya pili, na sehemu ya pili haina akiba kubwa.

Hesabu ya Ryun

Ryun hakuwa mjinga, wala hakwenda Mexico bila maandalizi. Julai 1967, Los Angeles, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya 3:33.1, na aliyemaliza wa pili siku ile, sekunde kama nne nyuma, alikuwa Keino huyu huyu. Hakuwa ameshindwa katika mita 1500 wala maili kwa miaka mitatu. Wamarekani walifanya mchujo wao wa mwisho wa Olimpiki huko Echo Summit, California, kwenye uwanja uliojengwa msituni kwa makusudi katika mwinuko unaolingana na wa Mexico City. Kweli, alikuwa ameugua homa ya tezi mapema mwaka huo na kupoteza wiki za mazoezi, lakini kufikia Oktoba alikuwa amerudi. Alikadiria kwamba katika hewa ile, muda wa 3:39 ungetosha kushinda.

Watu humcheka kwa hesabu hiyo. Mimi naiona kuwa hesabu sahihi. Mtazame Tümmler, aliyepata shaba: 3:39.0. Kwa wakimbiaji wa nchi za chini, hesabu ya Ryun ilitimia. Yeye mwenyewe alikimbia zaidi ya sekunde moja chini ya alichodhani kingetosha. Ilikosea kwa mtu mmoja tu.

Kwa nini hata wiki kadhaa za kuishi juu hazikuweza kulifuta pengo? Jibu liko kwenye figo. Mwili una protini inayotengenezwa na kuharibiwa mfululizo, kila dakika, na alama ya kuiharibu hubandikwa kwa kutumia oksijeni. Oksijeni ikipungua, alama haibandikwi, protini inabaki hai, inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni nyingi kwa mpigo. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuufumbua utaratibu huu. Makocha wa 1968 hawakuwa na habari nao.

Kwenye figo, jeni inayoamshwa ni ya homoni ya erithropoetini. Homoni hii hupanda ndani ya saa chache baada ya kufika mlimani, hufikia kilele katika siku moja au mbili, kisha hushuka taratibu ingawa mtu yungali juu. Kazi yake ni kuuamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu zaidi. Lakini chembe nyekundu haikomai kwa siku moja. Makadirio yanayotumika sasa ni kwamba himoglobini yote ya mwilini huongezeka kwa asilimia 1 hivi kwa kila saa 100 za kukaa katika mwinuko wa zaidi ya mita 2000. Piga hesabu: wiki nne ni saa 672, kwa hiyo ni nyongeza ya asilimia 6 au 7, na hiyo ni ikiwa mtu ana madini ya chuma ya kutosha. Umepoteza asilimia 10 hadi 15, umerudishiwa nusu yake, na tena kwa kusubiri.

Hapo pana mtego ambao hadi leo unawanasa wakimbiaji wanaopanda Iten, mji wa mazoezi ulio juu katika Bonde la Ufa la Kenya, kutoka Dar es Salaam au Mombasa. Katika siku za kwanza, vipimo huonyesha damu imekuwa nzito, na mtu hufurahi akidhani chembe zimeongezeka. Sivyo. Homoni ya aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuzuia chumvi isipotee kwenye mkojo, hushuka mlimani. Figo huachia chumvi na maji, mtu hukojoa zaidi, hewa kavu nayo hunyonya maji kwa njia ya pumzi. Maji ya damu yamepungua, chembe ni zile zile. Moyo sasa una damu kidogo zaidi ya kusukuma kwa kila pigo. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya mlimani ni ya kukimbia polepole, kunywa maji na kula vizuri, na kabla ya kupanda ni vyema kupima akiba ya chuma, hasa kwa wasichana. Bila chuma, erithropoetini hupiga kelele bure.

Kabla ya mlio wa bastola

Kwenye shingo, pale ateri kuu zinapogawanyika kwenda kichwani, kuna viungo viwili vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kuonja oksijeni ya damu. Ikishuka, huutaarifu ubongo, na mtu huanza kupumua kwa kina zaidi hata akiwa amelala. Kupumua sana huondoa kaboni dayoksaidi, damu inaelekea upande wa alkali, na figo hurekebisha kwa kumwaga bikaboneti kwenye mkojo. Marekebisho haya yanamsaidia mtu kulala na kutembea. Kwa mkimbiaji wa mita 1500 yana gharama, maana bikaboneti ndiyo inayoipoza asidi ya misuli katika mzunguko wa mwisho. Aliyekaa mlimani kwa wiki tatu anafika mstarini akiwa na bikaboneti pungufu.

Ishara ya viungo vile huenda pia kwenye neva za dharura na kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Adrenalini hupanda mara tu mtu anapofika juu. Noradrenalini huchelewa kidogo, ikaongezeka kadiri siku zinavyopita. Utafiti uliofanywa kwenye mlima Pikes Peak huko Colorado, mita 4300, ulionyesha mfuatano huu kwa uwazi, pamoja na jambo linalotuhusu zaidi: misuli inayofanya kazi katika mwinuko huitegemea zaidi glukosi ya damu. Sababu ni ya kihesabu. Lita moja ya oksijeni ikiunguza sukari hutoa takriban kilokalori 5. Ikiunguza mafuta hutoa kama 4.7. Oksijeni ikiwa haba, sukari ina faida. Adrenalini huliamuru ini lifungue glaikojeni yake, insulini hushuka wakati wa mbio kama kawaida, na misuli inayojikunja huvuta glukosi bila kuisubiri insulini.

Kotisoli, homoni ya msongo, nayo hupanda, hasa katika siku za mwanzo na baada ya mazoezi makali, na homoni ya ukuaji hupanda zaidi ya ambavyo ingepanda kwa zoezi lile lile ufukweni. Katika milima mirefu zaidi kuliko Mexico City, homoni ya njaa, grelini, hushuka na watu hukataa chakula huku miili yao ikiunguza zaidi hata wakiwa wamepumzika. Ndivyo wapandaji wa milima mirefu wanavyorudi wamekonda. Kwenye mita 2240 mambo haya ni ya wastani. Hata hivyo, mwanariadha anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku, analala vibaya, na anakula kidogo kuliko anachokitumia, atayaona mabadiliko hayo kwenye miguu yake.

Sasa weka yote haya pamoja kwenye mstari wa kuanzia. Ryun ana damu iliyoongezeka kidogo, bikaboneti iliyopungua, neva zilizoamka, na silaha moja aliyoitegemea maisha yake yote: kasi ya mwisho. Huko Los Angeles alifunga mzunguko wa mwisho kwa chini ya sekunde 54. Wote mstarini walilijua hilo, na Keino alikuwa amelionja.

Mizunguko

Bastola ilipolia, Ben Jipcho, kijana Mkenya, alitoka mbele kama anayekimbia mita 800. Mita 400 za kwanza alizipita kwa sekunde 56.0. Kila kocha wa wakati ule alikuwa akiwaambia wanariadha wake kwamba mlimani huanzi kwa kasi, kwa sababu deni la oksijeni, yaani nishati utakayoikopa kwa njia isiyo na oksijeni, huna pa kulilipa. Jipcho alifanya kinyume kabisa, na alifanya kwa ajili ya mwenzake. Alimaliza nyuma sana. Kazi yake ilikuwa imekwisha mapema.

Kabla ya mita 800, Keino alichukua uongozi. Saa ilisoma 1:55.3. Ryun alikuwa nyuma kabisa, akisubiri, akiamini kwamba aliye mbele atavunjika.

Hapa ndipo mbio zilipoamuliwa, na ningependa tusimame kidogo. Katika kasi ile, kila mtu kwenye kundi alikuwa amelazimika kuanza kuvunja glaikojeni bila oksijeni mapema kuliko alivyopanga. Ufukweni, Ryun angekimbia mita 1000 za kwanza kwa kutegemea oksijeni zaidi, akaacha sehemu kubwa zaidi ya ile akiba ya haraka kwa ajili ya mita 300 za mwisho. Mexico hakuweza. Alikuwa na hiari mbili: kumfuata Keino na kuitumia akiba mapema, au kubaki nyuma na kuitunza huku pengo likikua. Alichagua la pili. Kifiziolojia, lilikuwa chaguo la busara. Tatizo ni kwamba hata kukimbia kwa 3:39 katika hewa ile kulikuwa kunaila akiba hiyo hiyo kidogo kidogo, kwa sababu sehemu ya oksijeni ilikuwa imepungukiwa. Kasi yake ya mwisho ilikuwa inaliwa kabla hajaanza kuitumia.

Mita 1200, Keino alipita kwa 2:53.4. Mita 400 za tatu zilikuwa zimemchukua sekunde 58.1, haraka kuliko zile za pili. Alikuwa mbele kwa kama mita 20. Ryun alikuwa ameshaanza kupanda, akiwapita watu mmoja mmoja, na kwa muda fulani ilionekana pengo linapungua. Halafu likagoma. Keino alifunga mita 300 za mwisho kwa sekunde 41.5, ambayo ni kasi ya sekunde 55 kwa mzunguko. Ukikimbia hivyo mwishoni, baada ya mwanzo ule, huna deni kubwa. Misuli yake ilikuwa bado inapata oksijeni ya kutosha kufanya kazi kwa njia ndefu, ile isiyoacha asidi nyingi.

Na 3:34.9 ilibaki kuwa muda wake bora maishani katika mita 1500. Aliukimbia mita 2240 juu ya bahari.

Mwili wa Keino

Aliwezaje? Jibu la haraka husema: damu. Waliozaliwa milimani wana damu nyingi. Vipimo vilivyofanywa baadaye kwa wakimbiaji wa Kenya havikubali. Himoglobini yao haijaonekana kuwa juu kuliko ya wakimbiaji wa Ulaya wa daraja lao.

Kilichoonekana ni kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafiziolojia Bengt Saltin na wenzake waliwapima wakimbiaji wa Bonde la Ufa, wakiwemo wanafunzi wa sekondari, wakawalinganisha na wakimbiaji bora wa Skandinavia. Uwezo wa juu wa kutumia oksijeni ulikuwa unakaribiana. Tofauti ilitokea chini ya kiwango hicho: kwa kasi ile ile, Wakenya walikuwa na lakteti kidogo na amonia kidogo kwenye damu, walitumia oksijeni kidogo kwa kila kilomita, na kimeng'enya kimoja cha kuunguza mafuta kilikuwa na nguvu zaidi kwenye misuli yao. Kwa lugha nyepesi, misuli yao ilichelewa kuingia kwenye deni. Tena miguu yao, hasa sehemu ya chini ya goti, ni myembamba na mepesi, kwa hiyo kila hatua inagharimu kidogo.

Hilo linaeleza mizunguko ya Keino vizuri kuliko damu. Mtu anayeunguza lakteti haraka na kuizalisha polepole ndiye anayeweza kuanza kwa kasi bila kuadhibiwa. Kuna na la pili: kwa aliyekulia kwenye mwinuko, kupumua zaidi na bikaboneti iliyopungua si hali ya wiki tatu, ni hali aliyoizoea tangu utotoni, na mazoezi yote aliyowahi kufanya aliyafanya nayo. Keino alikuwa mkufunzi wa viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri, nako ni juu. Kasi ya mashindano ndani ya hewa nyepesi alikuwa ameishika miguuni kwa miaka.

Lakini mwili huo huo ulikuwa unaumwa. Kifuko cha nyongo kilikuwa na matatizo, na maumivu yalimshika katika fainali ya mita 10,000 tarehe 13 Oktoba, akaanguka pembeni ya njia mizunguko michache kabla ya mwisho. Madaktari walimshauri asikimbie tena. Hapa pia pana homoni: kila mtu anapokula mafuta, utumbo hutoa kolesistokinini, ambayo hukikamua kifuko cha nyongo. Kifuko kikiwa kigonjwa, kukamuliwa huko ni kisu. Mwanariadha anayehitaji kula sana ili kurudisha glaikojeni kati ya mbio na mbio anajikuta chakula chenyewe ni hatari. Siku nne baadaye alikimbia fainali ya mita 5000 na kupata fedha, akikosa dhahabu kwa sehemu ya sekunde. Ukihesabu na michujo, fainali ya mita 1500 ilikuwa mbio yake ya sita katika siku nane. Kotisoli ya mtu wa namna hiyo, maumivu yale, usingizi ule: anayesema Keino alipewa zawadi na mlima hajaitazama ratiba yake.

Wanaosema ni mlima tu

Kama mlima ungetosha, Mohamed Gammoudi wa Tunisia asingemshinda Keino kwenye mita 5000 zile zile, katika hewa ile ile. Gammoudi hakuwa mtu wa nyanda za juu. Alijiandaa milimani na akakimbia kwa akili. Kama mlima ungetosha, John Stephen Akhwari wa Tanzania, mtu wa Mbulu, asingebanwa na misuli kwenye marathoni ya siku hiyo hiyo ya tarehe 20 Oktoba. Alianguka, akaumia goti, na akaingia uwanjani wa mwisho jioni akiwa amefungwa bendeji. Mtu wa mwinuko naye hulipa.

Na kama mlima ungekuwa ndiyo siri yote, Keino asingekuwa na rekodi mbili za dunia alizoziweka mwaka 1965 karibu na usawa wa bahari: mita 3000 kwa 7:39.6 huko Helsingborg, Sweden, na mita 5000 kwa 13:24.2 huko Auckland, New Zealand. Miaka minne baada ya Mexico, katika Olimpiki ya Munich, mji ulio mita 500 na kitu tu, alishinda mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3000 na kupata fedha ya mita 1500.

Nionavyo mimi, Mexico iliongeza bei ya kosa. Ufukweni, mkimbiaji mwenye kasi ya mwisho anaweza kumwachia mpinzani mita 20 na bado akazipata, kwa sababu oksijeni inamtunzia akiba. Kule juu akiba hiyo inavuja kila hatua. Keino na Jipcho waliilazimisha ivuje haraka zaidi. Walijua mwili wa nani ungeanza kudaiwa kwanza, hata kama hawakuwa na maneno ya kimaabara ya kulisema. Ule ulikuwa mpango, na ulihitaji watu wawili, mmoja wao akikubali kupoteza mbio yake.

Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, karibu kabisa na usawa wa bahari, Filbert Bayi, Mtanzania wa Karatu, aliongoza fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu bastola hadi utepe, peke yake, bila mtu wa kumwongozea kasi. Alimaliza kwa 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa akija kwa kasi kubwa katika mita za mwisho, aliingia kwa 3:32.5, hewa nzito ya pwani ilikuwa imemtunzia akiba yake, na akakaribia. Wa tatu, kwa 3:33.2, alikuwa Ben Jipcho.